Matanga ya Pikseli Nne

Kusoma nilijifunzia bandarini, kwenye makartoni. Darasani sikukaa hata siku moja, lakini miaka thelathini na minne ya kupakua mizigo inayotoka Kigoma ilinifundisha kila neno linaloandikwa kwenye boksi, pamoja na mishale yake. Kuna siku nilinusa kartoni la televisheni nikasema: hili lilipinduliwa kichwa chini siku ya Jumanne, na aliyelipindua anatumia mkono wa kushoto. Wakabisha. Wakamwita kuli mwenyewe. Akaja, akatia sahihi karatasi ya mzigo kwa mkono wa kushoto, na ilikuwa Jumatano.

Nasema hivyo ili mujue habari hii munaisikia kutoka kwa nani.

Joëlla ni mpangaji wangu, amepanga chumba cha uani, hapa mtaani Buyenzi. Kazi yake ni kusafisha picha. Watu wakifunga ndoa, mpiga picha anamletea sura zao kwenye kompyuta, naye anaondoa chunusi, jasho na alama za mbu, mpaka bibi harusi anang'aa kama sahani iliyotoka dukani. Mwezi uliopita alipata kazi ya majaribio kwa Madame Scholastique, mwenye studio kubwa mjini: picha ishirini za harusi moja, zimfikie Jumatatu asubuhi. Zikimpendeza, harusi zote za msimu ni za Joëlla. Zisipompendeza, ni za mtu mwingine.

Kwa ajili hiyo akanunua ekra mpya, ile wengine wanaita skrini, pana kama mlango wa kabati. Bei yake siitaji, daktari amenikataza. Ya zamani alimpa dada yake aliyeko Kinama, na dada akaifanya televisheni.

Ijumaa mchana akanigongea dirisha.

"Babu, njoo uone. Bibi harusi hana pua."

Nikaenda. Kweli hakuwa nayo. Macho yalikuwepo, mdomo ulikuwepo, katikati palikuwa laini kama yai.

"We umemufanya nini mutoto wa watu?"

"Alikuwa na kidoa cheusi juu ya pua. Nikafuta, hakitoki. Nikafuta tena, hakitoki. Nimefuta mara kumi na saba. Halafu nikasogeza picha pembeni, pua ikaenda, kidoa kikabaki palepale. Kumbe hakiko kwa bibi harusi. Kiko kwa ekra."

Picha ya asili alikuwa nayo bado, kwa hiyo pua haikupotea moja kwa moja. Lakini tulipoweka ukurasa mweupe mtupu, nami nikavaa miwani yangu yote miwili, ya kusomea juu ya ile ya kutembelea, tukaviona. Vidoa vinne, vimetawanyika kama nzi waliotua kwenye maziwa. Joëlla akanieleza kwamba ekra imejaa vitone mamilioni vinavyoitwa pikseli, kila kimoja kinawaka chenyewe, na hivi vinne vilikuwa haviwaki tena. Wafaransa wanasema pixel mort, pikseli iliyokufa.

"Vidogo hivi? We fanya kazi yako."

"Babu, nitajuaje kidoa cha mutu na kidoa cha ekra? Nikiacha kimoja, Madame anakiona. Nikifuta kupita kiasi, ni pua hii tena. Siwezi kumupelekea harusi ya watu wasio na pua."

Hapo nikaelewa. Duka lilikuwa limempa garanti, yaani ruhusa ya kurudisha chenye kasoro, ya siku saba, na siku ya saba ilikuwa kesho yake, Jumamosi, mpaka saa ya kufunga.

Jumamosi petroli hakuna, teksi hakuna, tukaenda kwa miguu. Kartoni lilikuwa limelowa mvua na kung'oka kitako, kwa hiyo nikatoa shuka langu jeupe, tukaifunga ekra vizuri, kichwa mpaka miguu. Yeye akashika mbele, mi nikashika nyuma. Tulikwenda polepole, bila kusema, maana ilikuwa nzito na tuliogopa kuiangusha.

Hatukufika mbali. Mwanamume mmoja kwenye baiskeli akashuka, akavua kofia. Akina mama waliokuwa wanauza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, wakanyamaza, wakasimama. Mmoja akaniuliza taratibu, "Poleni, Mzee. Ni nani?"

Ningeweza kumwambia ukweli. Lakini Joëlla hakunigeukia, na mdomo wangu haujawahi kusubiri ruhusa.

"Tunavyojua ni wanne," nikasema. "Bado tunahesabu."

Mama yule akashika kichwa. Tulipofika mjini tulikuwa na watu kumi na mmoja nyuma yetu, na mbuzi mmoja ambaye nadhani alikuwa na safari yake.

Mwenye duka anaitwa Massoudi. Ni mtoto wa Buyenzi, baba yake na mi tulisali safu moja. Si mwizi. Ni mtu wa karatasi tu: ukimwambia mvua inanyesha, anauliza imeandikwa wapi. Akatupokea kwa heshima, akafungua shuka, akaiwasha ekra juu ya meza na kuiweka rangi nyeupe. Akainama.

"Moja. Mbili. Tatu. Nne," akahesabu. "Ndiyo, dada, naziona. Zimekufa."

"Basi nibadilishie," Joëlla akasema.

Massoudi akatoa karatasi ya garanti, akaweka kidole. "Soma hapa. Pikseli zilizokufa zikiwa chini ya tano, si kasoro. Zikifika tano nabadilisha sasa hivi, nyingine iko ndani. Tajiri anayeniuzia kutoka Dubai anapokea tano. Nne hapokei, inabaki kwangu."

"Mi nilinunua nzima. Sikununua karibu nzima."

"Nne ni kawaida, dada. Vitu vinakufa. Nifanye nini?"

Nilimwona Joëlla anaiangalia ile karatasi kama mtu anayesoma jina lake kwenye orodha ya waliofeli. Jumatatu ilikuwa imesimama pale mbele yake na picha zake ishirini.

Nikakohoa.

"Massoudi, mwanangu. Umesema zimekufa?"

"Nimesema, Mzee Shakuru."

"Mbele ya watu hawa?"

Akawatazama wale kumi na mmoja mlangoni. "Wamesikia wote. Sasa?"

"Sasa mutoto huyu amefiwa. Na amefiwa ndani ya nyumba yako."

Alidhani natania. Mi nikatoka nje, nikaenda kwa Abdu, fundi viatu wa jirani, nikaomba viti sita na mkeka. Abdu hakuuliza sababu. Mtu akiomba mkeka kwa sauti ile, huulizi. Nikatandika mbele ya duka, nikamkalisha Joëlla katikati, nikamfunika mabega kwa lile shuka. Mama mmoja wa ndagala, ambaye sasa alijua kila kitu na alikuwa anaumwa mbavu kwa kicheko, akaleta thermos ya chai.

"Dua apana," nikawaonya. "Hii ni plastiki, tusimukosee Mungu. Tunakaa tu na mufiwa."

Nyinyi wa hapa munajua kilichofuata. Matanga ukiyakuta njiani huyapiti. Unasimama, unasema pole, unakaa kidogo, unakunywa. Na kununua vitu mbele ya mfiwa, kubishana bei huku mwenzako analia, hata mlevi hafanyi hivyo. Walikuja vijana wawili kutafuta chaja, wakaona viti, wakaondoa mikono mfukoni, wakakaa. Akaja bwana mwenye tai, alitaka mashine ya kuchapisha, akaninong'oneza, "Nitarudi wiki ijayo, Mzee, poleni sana." Mpaka adhuhuri nilihesabu watu mia mbili na nne. Joëlla anasema hawakufika thelathini, lakini yeye alikuwa amefunikwa shuka.

Massoudi akatoka.

"Mzee, nakuomba. Muko mulangoni mwangu."

"We ndiye ulisema zimekufa. Tungewapeleka wapi?"

"Watu wanauliza nani amekufa dukani kwangu."

"Tunawajibu. Tunasema nne, na tunasema karatasi yako inataka tano. Hakuna uongo hata kidogo."

"Karatasi ni karatasi, Mzee. Hata mukikaa mpaka Ramadhani, nne haigeuki tano."

Nami moyoni nilijua anasema kweli. Kukaa tungekaa, lakini saa zilikuwa zinakwenda, na alasiri Massoudi hufunga duka. Joëlla akaniinamia. "Babu, twende nyumbani. Nitafanya hivyo hivyo, nitajaribu." Nikamwambia anywe chai.

Hapo ndipo akatokea Bibi Raihana. Huyu ni jirani yetu, anashona kofia za kiume kwa mkono, kazi nyeupe juu ya kitambaa cheupe, na ameifanya tangu mi nina nywele. Alikuwa amekuja mjini kutafuta uzi. Akasimama mbele ya mkeka, mikono kiunoni.

"Shakuru. Uongo wako leo umepata viti."

"Karibu, Bibi. Ni msiba wa pikseli."

"Za ukoo gani?"

Joëlla akamweleza yote, taratibu, kuanzia pua. Bibi Raihana akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kwamba yeye hatoi pole kwa asiyemwona, akaingia ndani moja kwa moja. Sote tukamfuata. Massoudi alikuwa ameshashika ufunguo mkononi.

Bibi akakaa mbele ya ekra nyeupe, akavua miwani badala ya kuivaa, akaisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Akaanza pembe ya juu, akashuka mstari kwa mstari, kidole kikienda hewani kama kimeshika sindano. Akampita marehemu wa kwanza, wa pili. Akampita wa tatu na wa nne. Karibu na pembe ya chini kidole kikasimama.

"Mumehesabu vibaya. Ni tano."

Massoudi akainama. "Bibi, hapo ni peupe."

"Peupe pako labda. Hapo pana uzi wa manjano. Mumoja tu. Kofia ingekuwa na uzi huo, ningefumua yote."

"Mi sioni kitu."

"Ndiyo maana hushoni."

Watu wakacheka, lakini Joëlla hakucheka. Alitupa shuka chini. "Manjano? Babu, kila pikseli ina taa tatu ndani: nyekundu, kijani na buluu. Buluu ikifa peke yake, kwenye weupe inabaki manjano kidogo sana. Kaka Massoudi, niruhusu niweke buluu."

Massoudi akampisha. Joëlla akabofya, na duka zima likawa buluu: kuta, kaunta, ndevu zangu. Na pale kwenye pembe ya chini, palepale kidole cha Bibi Raihana kilipokuwa bado kimesimama, kikatokea kitone cheusi, kidogo, hakina ubishi.

Massoudi akachuchumaa. Akafuta kioo kwa mkono wa shati, akidhani ni vumbi. Hakikutoka. Akafuta tena. Halafu, bila kufikiri, kama maneno yanavyotoka yenyewe kwa mtu aliyelelewa vizuri akimwona maiti, akasema polepole:

"Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un."

Akajisikia mwenyewe. Akaweka mkono mdomoni, lakini ilikuwa imeshatoka.

Abdu, fundi viatu, ndiye aliyesema. "Mi nimesikia."

"Wote tumesikia," Bibi Raihana akasema, akivaa miwani. "Mwanangu, maneno hayo hayasemwi kwa mugonjwa."

Massoudi akanitazama mi. Nilitegemea hasira. Lakini mabega yakaanza kumtikisika, akakaa chini kabisa kwenye sakafu, akacheka mpaka ufunguo ukamtoka mkononi. Kisha akaingia stoo, akatoka na kartoni jipya, kavu, mishale yote inaangalia juu. Nikalinusa. Safi, lilisafiri vizuri, ingawa lilipita bandari ya Mpulungu likawa na hofu kidogo.

Hatukuondoka nalo hivyo hivyo. Bibi Raihana aliipitia ekra ile mpya kuanzia pembe hadi pembe, nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, buluu, akichukua muda wake wote. Adhana ya alasiri ikatoka na Massoudi akangoja, ufunguo mfukoni, hakumharakisha. Mwishowe Bibi akasema, "Huyu mzima," na Massoudi akagonga muhuri kwenye karatasi.

Joëlla alifanya kazi Jumapili nzima. Jumatatu asubuhi Madame Scholastique alipokea picha ishirini, zenye pua zote. Akaleta kioo chake cha kukuzia, akazitazama moja moja, akauliza swali moja tu: mbona bibi harusi ana kidoa kidogo chini ya jicho. Joëlla akamwambia hicho ni chake, amezaliwa nacho. Madame akasema ndiyo, anamfahamu binti yule, na mtu wa kwanza aliyempa kazi ya majaribio alikuwa amekifuta. Harusi ya pili ilifika Jumanne.

Jumanne hiyohiyo mgeni alinigongea mlango, mzee kama mi, ametoka Cibitoke kwa miguu na kilo mbili za sukari kichwani. Alikuwa amesikia kwamba kuna nyumba ya Buyenzi imepoteza watu watano kwa siku moja. Nilimweleza. Nilimweleza vizuri sana, kuanzia kuli wa mkono wa kushoto. Akasikiliza, akafikiri, akasema sukari ya msiba hairudishwi ilikotoka.

Ndiyo tunayonywea chai mpaka leo. Joëlla anaweka vijiko viwili, mi naweka viwili pia. Bibi Raihana anasema vyangu ni vinne.