Buli la Zamzam

Yusra alikuwa na haraka, na udongo hauwapendi watu wa haraka. Tangu aanze kujifunza ufinyanzi kwenye karakana ya Bi Tahiya kule Mtoni, vyungu vyake vilikaa upande, na mabuli yake ya chai yalimwaga kila mahali isipokuwa kikombeni. Nyumbani kwao Kikwajuni mama yake alinywea vikombe vilivyopinda, huku akicheka kwamba mfinyanzi hulia gaeni.

Halafu mkono ukakubali. Bi Tahiya alipokuwa akijitayarisha kwenda Hijja, alimwita.

"Nikirudi watu watakuja kunitazama. Maji ya Zamzam nnataka niyatie kwenye buli lako. Likinipendeza, mabuli ya dukani utafanya wewe."

Yusra hakutaka kitu kingine duniani.

Ila kulikuwa na kazi moja aliyoichukia: kutwanga vigae vya vyungu vilivyovunjika na kuvichanganya na udongo ili chombo kisipasuke motoni. Vumbi puani, malengelenge viganjani. Siku ya kufinyanga buli lile akauona mfuko wa mchanga wa pwani aliokuja nao kutoka Jambiani kwa baba yake, mweupe, laini kama unga. Akautia huo. Na huyu, jamani, ni binti wa mchoma chokaa! Amekua akiona matumbawe yakichomwa tanurini, kisha yakitiwa maji yakavimba na kufoka. Na mchanga wa kwao ni nini, kama si matumbawe yaliyosagika? Lakini mtu akishatawaliwa na uvivu, hata akili ya kwao huisahau.

Buli lilitoka motoni halina doa. Bi Tahiya, sasa Hajati, aliporudi alilibusu, akalijaza maji ya Zamzam aliyoyachukua kutoka Makka.

Wageni wakafurika nyumbani kwake Mkunazini. "Hijja makbul, Hajati! Tuombee dua!" Yusra alipita na sinia, kidevu juu, kila mgeni akiuliza buli zuri namna ile limetoka wapi. Alipofika mbele ya Bi Wanu, jirani wa Hajati, akainua buli ammiminie, pa! Kipande kikaruka ubavuni. Kisha mdomo wa buli ukang'oka, na maji yakamwagika juu ya mkeka.

"Zamzam! Zamzam!" Wanawake waliinama wakayachota kwa viganja, wakajipaka usoni, wakawapaka na watoto wao. Yusra alisimama na mkono wa buli, hana pa kuutia uso wake. Kwenye kipande kilichovunjika palikuwa na chembe nyeupe, imevimba. Chokaa. Aliitambua pale pale.

Bi Tahiya naye alikiokota kipande, akaisugua ile chembe kwa dole gumba, ikawa unga. Akamtazama Yusra mara moja tu. Kisha akawageukia wageni.

"Mie hilo. Nimeligonga karoni asubuhi, nkalitumia vivyo hivyo."

"Ah, si kitu, Hajati," akasema Bi Wanu. "Ajali haina kinga."

Fikiria. Mwanamke ametoka kwenye nyumba ya Mungu, watu wanamwomba dua wakiamini madhambi yake yamefutwa, naye anasema uongo kwa ajili ya msichana aliyeona tabu kutwanga vigae. Yusra hakuweza kustahimili. Alitaka kuutua ule mzigo, basi.

"Si kweli!" akasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Bi Tahiya hakuligonga. Ni mimi. Nilitia mchanga wa Jambiani badala ya vigae."

Alingoja wamzomee. Alikuwa tayari, hata alihisi wepesi kifuani. Lakini hakuna aliyemtazama. Macho yote yalikwenda kwa Hajati. Bi Wanu alikiweka chini kikombe chake pole pole. Mwanamke mmoja akatafuta viatu vyake, mwingine akakumbuka kwamba ameacha chungu jikoni. Hakuna tena aliyeomba dua.

Chumba kilipobaki kitupu, Bi Tahiya alipiga magoti mkekani, akaanza kuokota vipande. Yusra akapiga magoti karibu naye.

"Nisamehe, Bi Tahiya. Nilitaka kusema ukweli."

"Najua." Hakuinua uso. "Aibu yako nilikuwa nshaibeba, mwanangu. Sasa tunazo mbili."