Tochi ya Mawe Mawili

...na betri za duara ni nyepesi, hilo halina ubishi, mkewe angeweza kuiinua tochi hata kwa mkono ule wa kushoto, ila za duara hufa upesi, na Faris anangoja, amezipanga zote juu ya kioo cha kaunta, za duara kama vifungo vya shati, nyembamba za rimoti, nene kidogo za saa ya ukutani, na ile ya kuchaji iliyong'olewa kwenye kompyuta, anangoja huku akimenya karanga, “Zipi, mzee wangu?” na Zablon Mahona anaziangalia kama mtu aliyeulizwa jina la mwanawe likamtoka, yeye, aliyekuwa karani wa vifurushi stesheni ya Urambo, aliyejua kwamba jina likikosewa mzigo wa Kigoma hulala Mpanda, yeye anayewaambia wageni wa tembe la Livingstone kwamba kijiji hiki ni Kwihara, Kwi-ha-ra, aliyemfutisha hata huyu Faris kibao cha duka kwa sababu kiliandikwa beteri... mkewe, Recheli, hawezi kushika kitu kizito tangu kiharusi kimpige, upande wa kulia umelala wote na maneno yamelala nao, yote isipokuwa moja, mawe, akitaka maji, mawe, akitaka kugeuzwa, mawe, mchungaji alipoingia kumwombea, mawe, na mchungaji akainamisha kichwa akidhani ni Maandiko... “Ganda la tochi umekuja nalo?” ndiyo, limo mfukoni, tochi ndogo ya bati, ameitoa balbu ili kichwa cha leza kikae mahali pake, maana vitochi vya leza vya dukani vilivyokamilika vina kitufe kigumu, kidole cha Recheli kilishindwa kukibonyeza, akageuza uso ukutani, basi atamwekea swichi ya kusukuma, ukisukuma mara moja inawaka, haidai nguvu tena, alama nyekundu inatua kwenye kikombe, kwenye dirisha, kwenye kanga, na Zablon ataifuata na kuleta kilichoonyeshwa... “Chukua hiki cha mashine ya DVD, kinawasha kiberiti, utawaunguza wezi wa kuku Kwihara nzima,” hapana, kinachowasha kiberiti hupofusha, na macho ndiyo aliyobakiwa nayo Recheli, “Kile hafifu, Bwana Faris, cha volti tatu, na rezista yake ya kupunguza umeme,” “Haya, hafifu, cha kuchezea paka,” na Faris anacheka, hajui, Zablon hajamwambia mtu, angeanzaje, angesema mke wangu anasema mawe?... tochi ya mawe mawili, ndivyo Recheli alivyoiita zamani, kama wanawake wote wa Urambo, niletee mawe ya tochi, na Zablon, kijana msomi, shati limenyooshwa, akamjibu, mawe yako mlimani, Mama Levina, hizi ni betri, na jioni yake akakuta kando ya sahani jiwe la shamba la tumbaku, limeoshwa safi, “Betri yako hiyo, Baba Levina, kula ushibe,” akacheka mpaka akashika mlango, na tangu siku hiyo kila jiwe kwake likawa betri, usijikwae kwenye betri, mafiga yakawa betri tatu, na kila betri ikawa mawe, mbele ya wageni, mbele ya mabwana wakubwa wa reli, akimtazama pembeni, pembe moja ya mdomo imepanda... na sasa, akisema mawe, pembe ile inapanda, ya kushoto, Zablon ameiona, amekaa kitandani akiiona, lakini daktari alisema ndio upande pekee unaofanya kazi, mzee, utapanda kwa lolote, na hilo ndilo linalomnyima usingizi, maana hajui kama ni utani wao ule ndio pekee uliookoka, au ni kifusi tu cha neno, mtu hayumo... “Za duara nazo ziko, kama unaona uzito,” sauti ya Faris iko mbali, za duara, zingewaka siku chache zikafa, na mkono wa Zablon umekwisha kuziendea, na anauona mkono huo, anaelewa umetumwa na nani, anataka taa itakayozimika kabla Recheli hajajibu, kabla hajaulizwa maji yako wapi akaionyesha dari, kwa kuwa bila taa anaweza kuendelea kuamini kwamba anataniwa... mkono unarudi, unakaa juu ya kioo, na aionyeshe dari, basi, dari itakuwa maji, atapanda ngazi, na alama ikitua dirishani akasema mawe, dirisha litakuwa mawe, na ikitua hapa, kwenye kifungo cha shati hiki, kifuani pa karani wa vifurushi, akasema mawe, ataitika, ataitika kwa jina hilo kama alivyoitika kwa mengine, nani sasa wa kumfutisha kibao... “Zipi basi, mzee wangu?” “Hizi za saa, zinazodumu. Nipe mawe mawili.” Ganda la karanga linabaki vidoleni mwa Faris, “Mawe? Wewe, mzee Mahona?” na betri bado zimepangwa juu ya kioo, hakuna aliyezigusa, “Mawe,” anasema Zablon, polepole, kama anayejifunza kulitamka.