Viatu Mlangoni

"Na meli hii, mabibi na mabwana, ilikuwa na bahati," alisema kijana mtembeza wageni, akiupigapiga ukuta wa chuma kama anayeuza ng'ombe. "Miaka yote ya kubeba shehena, haikupoteza hata mtu mmoja."

Bi Shubiri akamkamata binti yake mkono. Majirani walimpa jina hilo kwa uchungu wa ulimi wake, lakini leo ulimi wenyewe ulikuwa umemkauka. Mumewe, kuli wa bandarini, alifia humu.

"Mama, tulikubaliana," binti alinong'ona. "Tutaangalia tu."

"Si naangalia."

Walisimama kwenye mlango wa tumbo la meli. Kule chini, palipokuwa pakijazwa nafaka, sasa palipangwa meza zenye vitambaa vyeupe. Panakodishwa kwa harusi, alisema kijana. Hasira ilimpanda Bi Shubiri mpaka masikio yakamvuma.

Makuli walikuwa na utaratibu wao. Kila anayeshuka huvua ndara na kuziacha mlangoni. Jioni nyapara huzitazama, na zikibakia, basi chini kuna mtu. Siku ile wingu lilitanda, nyapara akahofia nafaka italowa, akafungisha mlango bila hata kutupa jicho, na dawa ya wadudu ikapulizwa ndani. Ndara za mumewe zilikesha palepale, zikinyeshewa.

"Mwanangu," alimwambia kijana, "nani kakwambia hakufa mtu?"

"Ndivyo tulivyofundishwa, mama. Wanahesabiwa mabaharia."

"Kwa hiyo kuli si mtu."

Wageni wengine wakakumbuka simu zao. Kijana akatazama saa. "Mimi nimeajiriwa tu, mama. Na samahani, muda wa kufunga umefika."

Akashika mfuniko wa mlango. Bi Shubiri akainama, akavua viatu vyake vya kutokea, akavipanga ukingoni mwa mlango, kisha akashika ngazi ya kushukia gatini, peku.

"Mama, umesahau viatu," kijana alimwita.

"Sijasahau. Vitazame kabla hujafunga."

Binti alisita, uso umemwiva kwa aibu. Halafu akavua vyake, akaviweka kando ya vile vya mama yake.

Walipofika gatini, chini ya nyayo saruji ikiwa bado na joto la mchana, waligeuka. Kijana alikuwa amepiga magoti mlangoni, mfuniko haujafungwa. Sauti yake iliwafikia kwa mbali, ikiita kule ndani: "Kuna mtu?"