Korosho Tano juu ya Mumunye

Siku ya tisa tangu aanze kujifunza, Shamila aliulaza wembe juu ya kinoo kama alivyoelekezwa: mgongo na makali viguse jiwe kwa pamoja. Aliusukuma makali yakitangulia, akaugeuza, akaurudisha, mara ishirini kila upande. Kisha akaupitisha kwenye mkanda wa ngozi uliofungwa kwenye nguzo ya baraza, safari hii mgongo ukitangulia, kwa kuwa makali yakitangulia huikata ngozi na kujiharibu yenyewe.

Mama yake mkubwa, Bi Sikudhani, ambaye kwa miaka thelathini alikuwa akiwanyoa wajane wa Lisekese, aling'oa unywele mmoja kutoka chini ya ushungi wake, akauangusha juu ya makali. Ukakatika.

"Sasa lete mumunye," alisema.

Mumunye changa lina vinyweleo laini kama vya shingo ya mtoto, nalo ndilo lililokuwa kichwa cha kujifunzia. Bi Sikudhani alikuwa na desturi yake: juu ya kila mumunye alibandika, kwa utomvu wa mkorosho, korosho tano zenye maganda, nne zikiwa mstari mmoja, ya tano imejitenga kando. Kazi ilikuwa kuondoa vinyweleo vyote pasipo kukwaruza hata korosho moja. Shamila alikwishaharibu mamumunye manane.

"Huo ni wembe au mwiko?" aliuliza Rahima, jirani, aliyekuja kuazima kinu. "Unalipapasa kama bwana harusi!"

"Mama Mkubwa, korosho hizi ni za nini?" Shamila aliuliza. "Kichwa kina masikio mawili tu."

"Wewe nyoa, mwanangu. Wembe haukandamizwi. Uzito wake unautosha."

Keshokutwa yake ilikuwa arobaini ya baba yake, Mwalimu Dauda. Kwa mila ya ukoo wa mama, mjane hunyolewa siku hiyo, chumbani, na mwanamke wa damu yake. Mikono ya Bi Sikudhani ilikuwa imeanza kutetemeka, na Shamila hakutaka mtu mwingine aishike kazi hiyo. Alitaka kumnyoa mama yake bila kutoa tone la damu, iwe heshima ya mwisho kwa baba aliyemshika mkono akiwa na miaka mitano, akauongoza ubaoni taratibu mpaka jina lake likaandikika.

Siku ya arobaini wanaume walijaa uani kwa khitma. Chumbani, mama yake, Bi Zena, aliketi juu ya mkeka, akafungua kilemba cha kanga ambacho Shamila hakukumbuka kuwahi kukiona kimefunguliwa. Shamila akalowesha nywele kwa kikombe kimoja cha maji ya moto, akapaka sabuni, akavuta ngozi ya paji kwa kidole gumba, akaanza. Wembe ulikwenda vizuri. Ulipofika utosini ukagusa kitu kigumu.

Kilikuwa kidole. Vilikuwa vitano, vimeota katika ngozi ya kichwa, vinne mstari mmoja na gumba kando, vimezishika nywele hadi mashinani. Vilikuwa na joto. Bi Sikudhani alivisafisha povu kwa pembe ya kanga, kama mtu anayemfuta mtoto pua.

Shamila alikuwa amesikia minong'ono kwamba mkono wa mume uliozoea kuvuta nywele huweza kuota pale uliposhika. Kilichousimamisha wembe wake kilikuwa kile kidole cha mwisho, kilichopinda kwa kubanwa na mnyororo wa baiskeli, na chaki chini ya kucha ya kidole cha shahada. Aliutambua mkono ule. Ndio uliomfundisha kuandika.

"Tangu lini, mama?"

"Wewe ulikuwa hujaanza kutembea."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa umelala. Alikuwa akisubiri ulale."

Uani, shehe aliwaambia watu kwamba marehemu hakuwahi kuinua sauti nyumbani kwake. Hilo lilikuwa kweli. Vidole vikajikunja zaidi, na Bi Zena akafumba macho.

Shamila aliuweka wembe kwenye shina la gumba.

"Unafanya nini?" mama yake aliuliza.

"Navikata."

"Huyo ni baba yako."

"Ndiyo maana navikata."

"Vitatoa damu, na wageni wanangoja kuingia kunipa pole. Nani atafua kanga hii?"

Bi Sikudhani alimshika mpwawe kiwiko. "Nilivikata mimi vya mama yetu," alisema. "Viliota upya kabla maji ya kikombe hayajapoa. Na vikashika kwa nguvu zaidi. Zunguka, mwanangu. Ndicho nilichokufundisha."

Shamila alizunguka. Alinyoa kati ya kidole na kidole, akainua mgongo wa wembe penye mafundo, hakukwaruza hata kimoja. Halikutoka hata tone la damu. Bi Sikudhani akafunga kilemba kwa fundo kubwa la utosini, lile ambalo Shamila alidhani siku zote kuwa ni mtindo wa wajane wa Lisekese. Wageni wakaingia, wakamsifu Mwalimu Dauda mmoja baada ya mwingine, na Bi Zena akawaitikia wote.

Juma lililofuata simu ilipigwa kutoka Newala. Kulikuwa na mjane kule, nao walisikia kwamba Shamila ana mkono mwepesi. Bi Sikudhani akaenda bustanini, akarudi na mumunye.

"Mama Mkubwa," Shamila aliuliza, "hujawahi kupata kichwa kitupu?"

Bi Sikudhani alilipangusa mumunye vumbi kwa kiganja.

"Yupo mmoja," alisema. "Mumewe alifariki wakiwa fungate."

Akampa mumunye na kopo la utomvu.

"Hili la Newala weka kumi. Aliolewa mara mbili."

Kwenye ungo zilikuwa zimebaki korosho saba. Shamila akachukua kikapu aende kuokota nyingine mikoroshoni, na kabla hajashuka barazani Bi Sikudhani akamwita.

"Chukua kile kikubwa."