Karavani ya Kuku

Noeline Haggart hakuwa mtu wa kuomba. Miaka thelathini na minane aliyopiga kambi kila Krismasi Ghuba ya Waimaru, hakuna jirani aliyewahi kumwona na kikombe kitupu mkononi akitafuta sukari. Ukimpa nyanya tatu leo, kesho asubuhi unakuta keki mlangoni kwako, na hapo mmemalizana. Mumewe, Murray, alikuwa kinyume chake kabisa. Huyo aliazima hadi soksi.

Murray alifariki mwezi wa Julai, kwenye baridi kali. Alipougua waliuza karavani yao kubwa, ile nyumba ya magurudumu waliyoivuta kwa gari kwenda pwani kila Krismasi, maana alijua hataivuta tena na hakutaka imhangaishe mkewe. Katika pilikapilika za hospitali wakasahau jambo moja. Pale Waimaru kiwanja ni cha familia mwaka hadi mwaka, ilmradi ifikapo saa sita mchana, tarehe ishirini na sita Desemba, kiwe na hema au karavani juu yake. Kikikutwa kitupu kinakwenda kwa anayefuata kwenye orodha, na kuna watu waliokuwa wamesubiri miaka tisa.

Chao kilikuwa namba kumi na nne. Nyumbani kwao, mjini Te Awamutu, kila Noeline alipomkumbuka Murray, alimkumbuka mgonjwa, amelazwa, ananong'ona. Kule namba kumi na nne ndiko alikobaki Murray mzima, mwenye kaptura iliyopauka, anageuza soseji huku akimchokoza kila anayepita. Noeline alishampoteza mmoja. Hakuwa tayari kumpoteza na huyo wa pili.

Hema halikuwezekana, kwa kuwa nyonga yake ilishakataa kulala chini. Karavani mpya, kwa bei zake, ndiyo usiseme. Akatafuta, akaulizia, na Oktoba akaipata nyuma ya zizi la mfugaji mmoja wa ng'ombe: karavani ya mwaka sitini na sita, ya mbao nyembamba, imezama kwenye nyasi, na ndani wanaishi kuku kumi na mmoja.

"Unataka kuifanyia nini?" mfugaji akauliza.

"Nitalala ndani."

"Mama, hata hao kuku wenyewe wanalalamika."

Wakakubaliana kreti moja ya bia na keki ya matunda. Kuku walihamishwa kwa matusi mengi, yao yakiwa mengi kuliko ya mfugaji.

Kwa wiki sita Noeline alikwangua, akasugua kwa siki, akapiga msasa hadi mikono ikawa kama ya fundi mwashi. Rangi ilikuwa ya kijani, mabaki ya ile iliyopakwa paa la kanisa. Godoro alilikata kutoka kwenye sofa la zamani. Mapazia aliyashona kwa mashati ya Murray, yale ya maua makubwa ambayo maisha yake yote alimkataza kuyavaa mbele za watu. Alipoyatundika alikaa sakafuni akalia kidogo, halafu akainuka akaendelea na kazi. Makabati ya ndani yalikuwa meusi, yananuka, tena yanabana. Akayang'oa yote, akayachoma nyuma ya nyumba, na karavani ikaonekana pana na yenye mwanga. Alifurahi kweli.

Tarehe nane Desemba akaja Hoani Paki, fundi wa kunyoosha bodi za magari, jirani wa nyumba ya pili. Alikuja kutia magurudumu grisi, na hilo alilitaka mwenyewe; Noeline hakumwomba. Alichungulia ndani mara mbili.

"Anti, makabati yamekwenda wapi?"

"Nimeyachoma."

"Yote?"

"Yalikuwa yananuka kuku, Hoani."

Hoani akausukuma ukuta kwa kidole kimoja. Ukuta ukaenda, ukarudi. Ukuta wa upande wa pili nao ukaitikia.

"Hizi za zamani hazina fremu ya maana, Anti. Kabati ndilo linaloshika ukuta, na ukuta ndio unaoshika paa. Umechoma mifupa ukabakiza ngozi na mapazia."

"Mapazia mazuri lakini."

"Mazuri sana. Yatapendeza barabarani, yakipepea peke yake."

Noeline akasema ataona mwenyewe la kufanya. Akapigilia vijiti, akafunga waya, akaizungusha karavani mtaa mzima kwa mwendo wa konokono. Penye kona ya kwanza mlango ulifunguka. Penye kona ya pili dirisha zima lilidondoka kwenye bustani ya mchungaji wa kanisa.

Hoani hakungoja kuambiwa. Siku mbili baadaye watu wakaanza kufika uani. Mwalimu mkuu wa shule aliyokuwa akiisafisha Noeline alileta rafu za maktaba. Mchungaji, pamoja na lile dirisha, alileta ubao wa benchi la kanisa. Mwingine alikuja na droo za marehemu mama yake, mbao nyekundu nzito ambazo siku hizi huzipati. Hoani akapima, akakata, akatia gundi na skrubu, na kila kabati liliposimama ukuta ulitulia.

Na Noeline alifanya nini? Alioka. Oveni haikupoa wiki nzima. Kila kipande cha mbao kililipiwa keki siku hiyohiyo, mtu asije akasema. Ya Hoani aliipeleka ya mwisho.

"Anti, mimi nina kisukari."

"Mpe mkeo."

"Hivi wewe huwezi kusema asante, ukaishia hapo?"

Noeline akaiweka keki juu ya ukuta wa bustani, akaenda zake.

Karavani ilipita ukaguzi wa usalama barabarani tarehe ishirini na tatu. Tarehe ishirini na sita aliondoka saa moja asubuhi, safari ya mwendo wa saa tatu. Lakini gari lake lilikuwa kuukuu kama karavani yenyewe, na kwenye mlima wa mwisho likachemka. Akasimama kulipoza. Akapanda kidogo, likachemka tena. Alikaa kando ya barabara akiitazama saa ya mkono ya Murray ikifika sita, kisha ikapita.

Aliingia kambini saa sita na dakika ishirini na tano. Kwenye namba kumi na nne palikuwa na hema la rangi ya machungwa.

Hakutaka kumwona mtu. Alichotaka ni kugeuza na kurudi nyumbani, ila njia ilikuwa nyembamba, na kupiga rivasi na karavani hakujua. Kazi hiyo ilikuwa ya Murray. Ya Noeline ilikuwa kusimama nyuma akipunga mikono. Na desturi ya pale, karavani ikiingia kila mtu anakaa kitini na chai yake kutazama rivasi. Hainuki mtu bila kuombwa, maana kumsaidia asiyeomba ni kumwambia hajui. Noeline akarudi nyuma kidogo, karavani ikajikunja. Akajaribu tena, ikajikunja upande wa pili. Viti vyote kimya. Akazima gari, akashuka.

Wa karibu zaidi alikuwa Verna Osgood wa namba kumi na tano, jirani yake wa miaka yote hiyo.

"Ni akina nani?" Noeline akauliza.

"Akina nani wapi?"

"Waliopewa kumi na nne."

Verna akanywa funda la chai bila haraka. "Akina Haggart. Wako hapa miaka mingi, watu wazuri. Mwanamke tu ndiye ana kiburi."

Noeline akamwangalia asielewe.

"Hema la wajukuu zangu hilo, we mwanamke. Nimelisimamisha tangu asubuhi. Sheria inasema hema au karavani. Haisemi hema la nani."

"Na meneja wa kambi?"

"Meneja ndiye aliyenishikia kamba."

"Mbona hukunipigia simu?"

"Ili uniambie nisijisumbue?"

Noeline alikuwa na jibu, lakini machozi yalilitangulia. Akajifuta kwa mkono wa blauzi. Akawageukia wale wote waliokaa na vikombe vyao.

"Jamani," akasema, "mimi siwezi kuiingiza. Nisaidieni."

Viti vililia kwa pamoja watu wakiinuka. Wakaifungua karavani kutoka kwenye gari, watu wanane wakaikamata huku na huku, Verna akang'oa hema, na mtu akapiga kelele kwamba Murray asingeweza kuinyoosha hivi hata angepewa siku nzima. Wakaisukuma kwa mikono hadi mahali pake. Ilipita kwenye mashimo na mizizi, na kuta hazikutikisika.

Walipotawanyika aliingia ndani akabandika birika. Akagusa rafu za shule, akagusa benchi la kanisa, akafungua na kufunga droo za mama wa mtu. Shati la maua lilikuwa linacheza dirishani. Alishukuru moyoni, na safari hii hapakuwa na oveni ya kukimbilia.

Akachukua kikombe kitupu, akavuka nyasi.

"Verna, una maziwa kidogo?"

Verna akakitazama kikombe, akamtazama yeye, akakipokea na kuingia kwake kukijaza.

Ndani ya boksi la barafu la Noeline kulikuwa na lita mbili za maziwa, hazijafunguliwa.