Shuka la Kitanda cha Tisa

Kila asubuhi, saa mbili kasorobo, mashuka ya wodi ya wanawake huteremshwa chumba cha dobi yakiwa katika mifuko ya aina mbili. Mfuko mweupe ni wa mashuka ya waliolala wakaamka. Wa buluu ni wa mashuka ya wasioamka, nayo hufuliwa peke yake kwa maji ya moto. Kila shuka limeshonwa namba ya kitanda chake kwa uzi mwekundu pembeni, maana zamani wodi zilikuwa zikiibiana mashuka mpaka wauguzi wakanuniana. Tangu zishonwe namba, la nne hurudi kitanda cha nne, la tisa hurudi cha tisa, na wauguzi wanasalimiana.

Mpiga pasi wa pale aliitwa Mama Pasi na hospitali nzima, na alikuwa na miaka kumi na mmoja kwenye meza ya kupigia pasi. Shuka likipata mvuke husema. Si yote, ni yale tu yaliyolaliwa na mtu aliyemwomba Mungu, na hospitalini watu wa namna hiyo hawapungui. La nne lilikuwa likiomba usingizi. La sita lilikuwa la mama mmoja aliyeomba afya, na akishamaliza afya, aliomba wifi yake aaibike mbele za watu. Povu, mfuaji, mwanamke mnene aliyejua nani kamwacha nani kuanzia getini mpaka mochwari, alikuwa akifunga maji kabisa la sita likifika zamu, asipitwe na neno.

La tisa hakuna aliyelifungia maji.

"Nimebonyeza," lilikuwa likisema. "Ee Mungu wangu, nimebonyeza na hawaji."

Sauti zake zilikuwa nyingi, za miaka. Wengine walimwita Mola, wengine Bwana, wengine walisema "wewe" tu kama wanaoongea na mtu chumba cha pili. Lakini wote walianzia kwenye kengele ya kumwita muuguzi. Sabuni haikuzitoa, dawa ya madoa haikuzitoa. Tena upande wa kushoto, karibu na miguu, shuka lilikuwa na bonde, kama la mtu aliyekaa muda mrefu, na pasi ikipita bonde linarudi. Sista Mkuu wa wodi alikwisha leta barua mbili kulalamikia bonde hilo, na juu ya kitanda akabandika tangazo: NI MARUFUKU KUKAA KITANDANI.

Habari za kengele Povu alikuwa nazo zote. Mganga mkuu alipohamia ofisi mpya waya haukutosha, basi fundi akauchomoa wa kitanda cha tisa akaupeleka mlangoni kwa mganga, wageni wasije wakagonga kwa mikono. Kitufe cha tisa kilibaki ukutani, kwa kuwa kukitoa kungeacha tundu.

Jumanne mama mzazi wa Mama Pasi alilazwa, kifua kimembana. Habari ililetwa na Povu.

"Shoga, mama kapata kitanda."

"Kipi?"

Povu akageuka, akaanza kukamua taulo ambalo alikuwa amekwisha likamua.

Mama Pasi alipanda ngazi na aproni yake. Alimkuta Sista Mkuu akihesabu sindano, akamwomba kwa adabu zote mama yake ahamishwe, maana kengele ya tisa haiiti.

"Najua haiiti," Sista Mkuu akasema. "Fomu ya kuomba itengenezwe nilijaza mimi mwenyewe. Nimejaza nne."

"Basi hata leo tu, Sista."

"Sawa. Nimtoe nani nimpeleke pale? Nichagulie, mama."

Mama Pasi akatazama wodi. Wanawake kumi na mmoja walikuwa wanamwangalia. Wa sita akajivutia shuka mpaka kidevuni. Mama Pasi alisimama pale mpaka Sista Mkuu akamaliza kuhesabu, kisha akateremka.

Jumatano mfuko ulikuwa mweupe. Baada ya kufuliwa alilitafuta la tisa, akalitandaza mezani, akaliacha liseme yote. Mwishoni ilikuwa sauti ya mama yake. Alikuwa amebonyeza mara tatu.

Mama Pasi mwenyewe alikuwa hasali. Si kwamba aligombana na Mungu. Alikuwa akisikia maombi ya watu kutwa, akirudi nyumbani hana hamu, kama mpishi aliyeshiba moshi. Sasa alisimama na pasi ya moto mkononi, na hakupata hata neno moja la kwake. Akaazima maombi ya mashuka. Akachukua la nne hapa, la kumi pale, akaunganisha alivyoweza, na kwa kuzoea akajikuta amefikisha hadi aibu ya wifi. Shuka likanyooka vizuri, isipokuwa bonde. Likapelekwa juu mchana.

Alhamisi, saa ya kuona wagonjwa, mama yake alikuwa ameegemea mito miwili, midomo mikavu, macho yakicheka.

"Jana nimekusikia kwenye shuka," alisema. "Umeomba vizuri, mwanangu. Ila una wifi gani wewe?"

Mama Pasi akacheka, halafu kicheko kikamgeukia kilio. Alitaka kukaa. Alipoinama, mama yake akamshika mkono.

"Hapo pana mtu."

Upande wa kushoto, karibu na miguu, godoro lilikuwa limebonyea. Mama Pasi akabaki wima. Akauliza kwa sauti ndogo amekuja lini.

"Usiku wa kwanza, nilipochoka kubonyeza nikamwita yeye. Si mwepesi, godoro linainama. Kifua kikibana naweka mguu karibu naye, napata joto."

"Anasema nini?"

"Hasemi. Na mimi sijamtaka aseme, ananitosha hivyo." Akavuta pumzi, ikachukua muda kufika. "Jana ilipozidi nilimwomba anibonyezee yeye, labda mkono wangu ndio hauna nguvu. Akabonyeza. Kitufe nilikiona kikiingia ndani."

"Wakaja?"

"Hata yeye hawakumjia, mwanangu."

Saa iliisha. Muuguzi akapita akiwatoa wageni, akatazama lile bonde, akamwambia Mama Pasi kuwa tangazo limeandikwa kwa herufi kubwa.

Ijumaa saa mbili kasorobo mfuko ulikuwa wa buluu.

Povu ndiye aliyeufungua, akasoma namba. Alilifua kwa mikono yake, mashine akaiacha. Hakuna umbea uliosemwa chumba cha dobi asubuhi ile. Alipolileta mezani alilibeba kwa mikono miwili. Mama Pasi alitaka kwenda zake, mwili mzima ulikuwa unaogopa lile shuka. Akaweka pasi.

Sauti zikapita moja baada ya nyingine, zote na kengele yao. Mama yake akaja wa mwisho. Alikuwa amebonyeza mara moja tu, kama mtu wa adabu aliyebisha hodi na kujua wenyeji hawapo.

"Asante kwa kukaa," shuka likasema. "Mimi nikienda, wewe usiinuke. Atakuja mwingine."

Barua ya tatu ya Sista Mkuu ilikuwa imewekwa juu ya kikapu. Ilisema bonde bado lipo. Kengele haikutajwa.

Mama Pasi alipiga pasi pembe zote nne, bonde akalizungukia. Akalikunja shuka kwa upande wa ndani, akalipeleka juu yeye mwenyewe. Kwenye ukumbi, mgeni mwenye suti alibonyeza kitufe mlangoni kwa mganga mkuu. Kengele ikalia mara moja, mlango ukafunguliwa.

Kitanda cha tisa kilikuwa na mtu tangu saa nne, mwanamke wa rika lake, amekumbatia mkoba wake, macho kwenye kitufe cha ukutani. Aliuliza kama hicho ndicho cha kubonyeza akizidiwa.

"Hakifanyi kazi," Mama Pasi alisema, akimtandikia. "Sogea kidogo kulia, dada. Yeye anakaa upande wa kushoto."

Mwanamke akasogea.