Saa Namba Kumi na Saba na Fundi Wake

Jumanne ile, saa tatu na robo asubuhi, saa ishirini na sita ziliingizwa kwenye karakana ya nyumba ya mnada, zimepangwa juu ya trei mbili zilizotandikwa kitambaa cha kijani. Aliyezipokea alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu ambaye pale kazini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Lenzi, kwa sababu lenzi yake ya kukuzia alikuwa akiipandisha kwenye paji la uso, anaisahau, kisha anazunguka ofisi nzima akiwauliza watu kama wameiona. Kazi yake ilikuwa kuzifungua saa moja moja, kuandika hali zake, na kuhakikisha kwamba siku ya mnada hakuna itakayowatia aibu mbele ya wanunuzi.

Alikuwa mtu asiyetulia. Mguu wake wa kushoto ulicheza chini ya meza kuanzia asubuhi hadi jioni, na mara kumi kwa siku alinyanyuka, akaenda dirishani, akatazama magari yaliyoegeshwa, akarudi. Siku moja meneja alimwuliza anatafuta nini huko nje. Akajibu kwamba anapunga upepo. Dirisha lenyewe halikuwa la kufunguka.

Saa namba kumi na saba ilikuwa ya mfukoni, ya dhahabu, nene kama biskuti mbili. Ilionyesha saa, tarehe na umbo la mwezi, na ukibonyeza kitufe cha ubavuni ilikugongea kengele ndogo kukuhesabia saa. Za aina yake zilitengenezwa kumi na mbili tu, na tatu kati ya hizo hakuna ajuaye ziliko. Hati iliyokuja nayo ilisema: "Haijapata kutoka mikononi mwa familia hii kwa miaka sitini." Aliyeileta alikuwa mtoto wa tajiri mmoja ambaye alishafariki, na kwa kuwa alikuwa akiuza vitu vya baba yake kimoja baada ya kingine, ofisini walimwita Mrithi.

Lenzi alifungua mfuniko wa nyuma, akashusha lenzi jichoni. Ndani ya mfuniko, pembeni kabisa, palikuwa na alama iliyokwaruzwa kwa ncha ya sindano. Mafundi wengi huacha alama namna hiyo, ili saa ikirudi wajue nani aliishika mara ya mwisho. Hii ilikuwa ngazi ndogo yenye vipago vitatu. Ilikuwa alama ya baba yake. Tarehe iliyokwaruzwa kando yake ilikuwa ya siku mbili kabla polisi hawajaja kumchukua.

Baba yake alikuwa fundi wa saa nyumbani kwa yule tajiri kwa miaka kumi na minane. Alipewa chumba chake cha kazi nyuma ya jiko, na funguo za makabati yote. Kisha saa hii hii ya dhahabu ikapotea. Akapekuliwa, akalala mahabusu siku tisa, akaachiwa kwa kukosekana ushahidi. Hakuna aliyesema tena kwamba ameiba, wala hakuna aliyesema kwamba hakuiba, na hili la pili ndilo lililommaliza. Tangu hapo hakuna mtu aliyempa saa yake, hata ya ukutani. Akaishia kutengeneza cherehani mpaka alipofariki, miaka kumi na moja iliyopita.

Saa nne kamili mlango wa karakana uligongwa, na baba yake akaingia.

Alikuwa amevaa aproni yake ya kijivu, na kifuani amebandikwa beji ya mgeni. Dada wa mapokezi alikuwa amemwandikisha kama anavyoandikisha kila mtu. Kwenye nafasi ya kitambulisho aliandika "kimekwisha muda wake", na kwenye nafasi ya anakotoka, baada ya kumwuliza vizuri, akaandika "marehemu".

"Shikamoo, baba," Lenzi akasema.

"Marahaba. Hicho kibano chako kimepinda." Mzee alivuta kiti, akaketi, akaitazama saa namba kumi na saba bila kuigusa. "Inachelewa?"

"Dakika nne kwa siku."

"Nilijua. Walinikatiza."

Akapiga mikono yake kwenye aproni kama anayekung'uta vumbi, akaanza kazi. Pumzi yake haikuacha ukungu kwenye kioo, jambo linalomrahisishia sana fundi wa saa. Alifanya kazi mpaka saa kumi na moja jioni, akaaga, akarudisha beji mapokezi, akaenda zake. Jumatano saa nne kamili alirudi.

Lenzi siku hiyo alisimama dirishani mara kumi na tisa.

Mama yake alikuwa akikunja nguo alipopewa habari. Hakuacha kukunja. Aliuliza kama mzee amekonda, akaambiwa hapana. Akauliza kama amesema neno juu yake.

"Ameuliza kama goti bado linakusumbua."

"Mwambie linanisumbua." Mama akalaza shati juu ya mengine. Kwa miaka ishirini alikuwa akinunua sukari duka la mtaa wa tatu, kwa sababu mwenye duka la jirani kila alipomwona anaingia alifunga droo ya pesa. Hakuifunga kwa nguvu, wala hakuwahi kumkosea adabu. Aliifunga tu. "Na huyo meneja wako mwambie nataka mstari mmoja. Wanaandika kitabu kizima juu ya hizo saa, nani alizivaa, nani alimzawadia nani. Waandike na kwamba fundi hakuiba. Mstari mmoja, mwanangu. Mimi sitaki kingine."

Alhamisi Lenzi akamwita meneja karakanani. Meneja alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kunyoosha tai yake kabla ya kukataa jambo. Alimwamkia mzee, akamwuliza kama kiti kinamfaa, akaagiza aletewe chai, ambayo mzee aliishukuru na kuiacha ipoe. Kisha akainama kwenye lenzi, akaiona ngazi, akaiona tarehe, na Lenzi akamweleza yote bila kuruka kitu, huku akizunguka meza.

"Hii ni habari nzito," meneja akasema.

"Basi iandikwe."

Akanyoosha tai. "Kitabu cha mnada kiko njiani kwenda kuchapwa."

"Kinachapwa kesho. Nimepiga simu."

"Sawa. Lakini maelezo ya saa ni ya mwenye saa, si yangu. Ngoja nimwite."

Mrithi alifika mchana. Alipomwona mzee alisimama mlangoni kidogo, kama mtu anayetafuta jina, kisha uso ukamkunjuka. "Mzee wangu! Shikamoo. Wewe ndiye ulinitengenezea ile saa ya katuni nilipokuwa darasa la tano."

"Marahaba. Ilikuwa na maji ndani."

"Niliogelea nayo!" Mrithi akacheka, akavuta kiti. Alionyeshwa alama, akatikisa kichwa taratibu. "Baba aliipata hii saa mwezi uliofuata. Ilikuwa kwenye koti lake la safari, mfuko wa ndani. Akasema mambo yameshapoa, tusiyachokonoe."

Karakana ilikuwa na saa ishirini na sita zinazotembea. Kila moja ilikuwa na mwendo wake.

"Kwa hiyo ulijua," Lenzi akasema.

"Nyumba nzima ilijua, dada yangu. Lakini si jambo la kuliweka kwenye maandishi. Jina la baba yangu bado liko kwenye ukumbi wa hospitali." Akamgeukia mzee. "Unanielewa, mzee."

Mzee alikuwa ameshika tone la mafuta kwenye ncha ya sindano, na jicho lake moja limefumbwa. "Haya mafuta ya hapa ni mazito," akasema. "Nitaomba mepesi kidogo."

Yakatafutwa mafuta mepesi. Mrithi mwenyewe ndiye aliyelipa, akaaga kwa kumshika mzee bega, ingawa mkono wake ulizama kidogo kuliko alivyotarajia.

Walipobaki wawili, Lenzi alishindwa kukaa wala kusimama. "Baba, yeye mwenyewe amekiri! Amekiri mbele yako, na wewe unaomba mafuta?"

"Ulitaka niombe nini?"

"Jina lako."

Mzee akaweka sindano chini. Hakuwa na hasira, bali alikuwa na ile sura ya mtu anayekatishwa hesabu yake. "Mwanangu, mimi nilidhani hawajui. Siku zote tisa kule ndani nilikuwa nikipanga maneno ya kuwaeleza, nikidhani wakijua watasema. Kumbe walijua. Sasa nitawaeleza nini?" Akashika tena sindano. "Ila hii saa inachelewa, na hilo naliweza."

Mnada ulifanyika Jumamosi mchana kwenye ukumbi wa ghorofa ya kwanza. Viti themanini, vyote vimejaa. Wakusanyaji wa saa walikuja wakiwa na mikono mirefu ya mashati ili watu waone kinachochomoza chini yake. Mzee alipewa kiti mstari wa mbele, kwa kuwa macho yake hayakuwa mazuri tangu alipokuwa hai. Lenzi alisimama nyuma karibu na mlango, na kwa jinsi alivyokuwa akihama ukuta hadi ukuta, mama mmoja akamwomba radhi mara mbili akidhani amemzibia njia.

Ilipofika zamu ya namba kumi na saba, dalali alisoma maelezo kama yalivyochapwa. Dhahabu. Kumi na mbili duniani. Haijapata kutoka mikononi mwa familia hii kwa miaka sitini. Bei ilipanda taratibu, ikafika mahali ikasimama, na dalali akainua nyundo yake.

"Baba yangu hakuiba saa hiyo," Lenzi akasema.

Hakupaza sauti sana, lakini ukumbi ulikuwa kimya. Watu wakageuka. Mguu wake ukatulia kwa mara ya kwanza juma zima, akayasema yote: chumba nyuma ya jiko, siku tisa, koti la safari, cherehani. Alionyesha kwa kidole alipoketi Mrithi, na alipoketi baba yake. Alimaliza kwa kusema, "Alama yake imo ndani ya mfuniko, na tarehe. Mfungue muone."

Mfuniko ukafunguliwa. Picha ya ile ngazi ndogo ikaonekana kwenye skrini kubwa, vipago vyake vitatu kila kimoja kirefu kama mkono wa mtu.

Bwana mmoja wa mstari wa tatu, daktari wa meno mstaafu aliyevaa saa mbili mkono mmoja, akainua kibao chake cha namba na kutaja bei mpya. Mwingine akainua juu yake. Mama mmoja aliyekuwa akiongea kwa simu na mteja asiyeweza kufika akasema mteja wake anataka kujua kama hizo siku tisa zina karatasi za polisi, akaambiwa zipo, naye akainua. Saa yenye kisa, dalali akawakumbusha, haipatikani kila siku. Bei ikapita ile ya kwanza, ikapita mara mbili yake, na kila ilipopanda Lenzi alisema "sikilizeni" na hakuna aliyesikiliza, maana walikuwa wameshasikia.

Nyundo ilimwangukia daktari wa meno.

"Na fundi mwenyewe ndiye yule pale mbele?" akauliza.

"Ndiye," dalali akasema.

"Anakwenda na saa?"

Dalali akamtazama meneja. Meneja akanyoosha tai, kisha akabadili mawazo, akaitikia kwa kichwa. Kwenye karatasi ya mauzo, chini ya mstari uliosema saa haijapata kutoka mikononi mwa familia, akaongeza kwa kalamu: "Pamoja na sanduku, hati, na fundi wake." Kuhusu wizi hakuandika kitu. Mrithi alisaini, na alipopita mlangoni alimpongeza Lenzi, akasema kwa dhati kwamba asingetegemea bei ile hata kwa dawa.

Lenzi akamfuata baba yake kwenye ngazi. "Usiende. Hawakukuuliza hata wewe mwenyewe."

"Bado inachelewa dakika moja na nusu," mzee akasema. "Ukiiacha hapo itarudi kwenye nne." Akaingia kwenye gari la daktari, kiti cha nyuma, na sanduku la saa likafungiwa mkanda pembeni yake.

Jumapili Lenzi alimweleza mama. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama ule mstari uliandikwa. Lenzi akasema hapana. Mama akachukua mkoba, akaenda kununua sukari mtaa wa tatu.

Sasa kila Ijumaa Lenzi huomba ruhusa mapema, akaenda nyumbani kwa daktari, nyumba nyeupe yenye geti la pembeni la wafanyakazi. Daktari ni mtu mwema. Amempa mzee chumba chenye mwanga, meza nzuri, taa mbili, na saa nyingine arobaini za kuangalia. Wageni wakija huwapeleka humo, akawaonyesha saa na fundi, akawasimulia kisa chote, na wageni husikitika sana kabla ya chakula.

Saa kumi na moja jioni mzee hutoka kwa geti la pembeni. Askari wa hapo ana karatasi aliyopewa siku saa ilipofika, nakala iliyotoka polisi, yenye jina la mzee na neno "mtuhumiwa". Hakuna karatasi nyingine iliyowahi kuja kuifuta, naye ni mtu wa kufuata karatasi.

"Samahani, mzee. Ni utaratibu tu."

Ijumaa iliyopita Lenzi alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, akihama jiwe hadi jiwe. Akamwona baba yake anafika getini, anavua miwani, na kunyanyua mikono yote miwili juu kabla hajaambiwa. Askari akapapasa mifuko ya aproni, akapapasa pindo, mikono yake ikizama hapa na pale, akapapasa tena mahali ilipozama ili kuwa na uhakika. Kisha akamruhusu.

Baba na binti wakaongozana hadi konani, ambako mzee huwa anatoweka. Akamwambia asalimie nyumbani. Akatoweka. Lenzi akaendelea kutembea, akapita kituo cha basi, akapita na kingine, na alipofika cha tatu basi lilikuwa limesimama mlango wazi, likimngoja, naye akalipita.